Sufuria ya mama ina kosa gani mlangoni?

Kando ya Ziwa Kivu, Goma sawa na Bukavu, kuko jambo moja ambalo wazazi wengi wamelipitia. Ni siku ya Mungu, saa tano ya asubuhi. Familia imetoka kanisani, watoto wamevaa nguo za Bonane. Wamekuja kwa miguu, maana kupanda motari tatu kungemaliza pesa kabla ya kufika. Mama amefunga sufuria ya wali ndani ya kitenge, sambaza za kukaanga ziko katika bakuli la plastiki, na mtoto mkubwa amebeba bidoni ya maji ya lita tano. Wanafika kwenye mlango wa bustani ya kando ya ziwa, yenye bembea, mahali pa kuogelea na muziki wa nguvu. Baba analipa kiingilio cha watu saba. Ndipo zamu wa mlango anaweka mkono juu ya sufuria.

"Mama, hii inabaki hapa. Chakula cha inje hakiingie."

Sufuria inawekwa chini ya meza ya zamu. Saa saba watoto wanatoka majini wakitetemeka, njaa imewashika. Wali uko hatua hamsini kutoka pale walipoketi. Umenunuliwa sokoni, umepikwa na mama yao, na hawana ruhusa ya kuula. Baba anaitisha karatasi ya bei, anaisoma mara mbili, kiisha anaagiza sahani mbili za frite na sukre tatu kwa watoto watano. Yeye na mama wanasema wameshiba. Jioni wanapotoka, wali umekaa katika joto tangu asubuhi. Mama anaunusa na kuutupa.

Kuita jambo hilo wizi ni kutumia neno kali, na wenye bustani watalikataa. Basi walitafute neno lao wenyewe. Lakini familia imelipa mlango, imelipa soko, imelipa makaa ya kupikia, kiisha imelazimishwa kulipa tena ili watoto wasilale njaa. Na chakula chao kimeishia kwenye majani, katika mji ambamo kuko watu wanaolala bila kula.

Bei hazifanani kutoka bustani moja mpaka nyingine, basi ichukuliwe hesabu ya mfano tu. Tuseme sukre moja dukani ni franka 1.500, na ndani ya bustani ni 3.000. Kwa watu saba, tofauti peke yake ni franka 10.500, kabla hata ya kuongea juu ya broshete. Mtu aweke sahani ya frite kwa kila watoto wawili, broshete moja kwa kila mkubwa, chupa mbili za maji sababu bidoni imebaki mlangoni. Kila mama wa nyumba anaweza kuendelea na hesabu hiyo bila kalamu, na atafika kwenye pesa ambayo ingepika bugali, maharagi na sombe siku kadhaa. Mchezo wenyewe, yaani maji ya ziwa na bembea, ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachofanya baba aseme "mwaka huu hatuendi" ni mdomo.

Wenye bustani wanasema hivyo ndivyo biashara ya michezo inavyofanya kazi dunia nzima. Hapo wanakosea, na ni vizuri kuangalia mahali ambapo biashara hiyo ilikomaa.

Walt Disney World, katika jimbo la Florida, Marekani, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Ni moja kati ya sehemu za michezo zinazopokea watu wengi kuliko zote duniani, na kampuni yake haijulikani kwa kutoa vitu vya bure. Kiingilio ni ghali, na chakula cha ndani kina sifa ya kumaliza pesa za wazazi. Lakini sheria ya mlango wake inaruhusu familia kuingia na chakula chake na vinywaji vyake, mradi hakuna pombe, hakuna chupa za kioo, na chakula hakihitaji kupashwa moto. Chupa ndogo za kioo za chakula cha mtoto mchanga zenyewe zinapita. Hata sanduku la kubaridisha chakula linaingia, kama halizidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Mlinzi wa pale anapekua mfuko, ndiyo. Anatafuta silaha na pombe. Mkate wenye siagi ya karanga anauona na kuuacha upite.

Kuko zaidi. Katika vibanda vya ndani vinavyouza vinywaji vya mashine, mgeni akiomba kikombe cha maji yenye barafu anapewa bila kulipa. Mtoto ambaye hajafika miaka mitatu haombwi tiketi. Ndivyo wazazi wenye akili wanavyoshinda huko siku nzima: asubuhi wanakula vizuri mahali walipolala, mchana wanafungua mfuko, maji wanaomba, na kama pesa ipo wananunua kitu kimoja cha kukumbuka siku hiyo, pengine ice-cream. Uholanzi pia, parki ya Efteling, iliyofunguliwa mwaka wa 1952, inaacha familia zije na vikapu vyao na ina mahali pa kuketi na kula.

Si kila parki iko hivyo. Universal, jirani wa Disney kulekule Florida, ni kali zaidi: haitaki familia iingie na chakula kizima cha mchana, lakini inaacha maji, vitu vidogo vya kutafuna, chakula cha mtoto mchanga na chakula cha mtu mwenye ugonjwa unaomkataza vyakula fulani. Yaani hata yule mkali ana mlango mdogo. Hapa kwetu, kwenye bustani zenye ukali huo, bibi mwenye sukari anaambiwa aache viazi vyake vya kuchemsha na aende kununua frite.

Jambo hilo si hadithi ya watu wa mbali. Katika wakimbizi ambao Marekani iliwapokea mwaka wa 2019, waliotoka Kongo walikuwa wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote, na wengi wao ni watu wa Kivu, wenye kuongea Kiswahili, waliopitia kambi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania. Picha zao zinafika kwenye simu za ndugu zao hapa: watoto mbele ya ile nyumba ya kifalme yenye minara. Wanaotazama picha hizo huku wanafikiri kila kitu ndani yake ni utajiri. Wawaulize ndugu zao kile kilichokuwa ndani ya mfuko mgongoni.

Sasa haki ya upande wa pili, maana wenye bustani nao wana shida za kweli. Jenereta inakunywa mazutu. Mataxe ni mengi, na wanaokuja kuyadai ni wengi kuliko mataxe yenyewe. Wafanyakazi wanapashwa kulipwa hata siku ya mvua. Mwenye bustani mdogo anaishi kwa faida ya chupa na broshete, na wateja wote wakija na sufuria, atafunga. Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu.

Jibu liko katika mji wenyewe. Kwenye sale za harusi, mtu akitaka kuleta vinywaji vyake analipa kile kinachoitwa droit de bouchon, na hakuna anayekasirika, maana bei inajulikana mbele. Bustani inaweza kufanya vilevile kwa kikapu: pesa kidogo iliyoandikwa mlangoni, kwa familia nzima, si kwa kichwa. Ao kiingilio kipande kidogo na kikapu kiingie bure. Ao kona moja yenye majani, bila meza na bila mhudumu, iachwe kwa wenye kubeba chakula, na meza zenye vivuli zibaki kwa wenye kuagiza. Njia ni nyingi. Kisichokubalika ni kulipisha mlango kama parki na kufunga mifuko kama baa. Mwenye bustani achague moja. Baa haidai kiingilio cha mtoto wa miaka minne.

Kuko pia hoja ya usafi, na hii inasemwa kwa sauti ya daktari: chakula cha inje kitaleta kipindupindu. Hakuna mtu wa Goma anayecheza na neno hilo. Mwaka wa 1994 ugonjwa huo uliua maelfu na maelfu ya wakimbizi katika eneo hili, na mpaka leo unarudi. Lakini kipindupindu kinapita katika maji machafu, mikono isiyonawishwa na choo kibaya. Maji yaliyochemshwa nyumbani na kufungwa katika bidoni safi ni kinga. Zamu anayeyazuia maji hayo, halafu watoto wanakunywa ya ziwa wakiogelea kwa sababu chupa ya ndani ni ghali, huyo ndiye anayefungulia ugonjwa mlango. Bustani yenye kuogopa kipindupindu kweli iweke ndoo ya maji na sabuni karibu na choo. Zile zenye kibao kikubwa cha marufuku lakini bila sabuni, wasomaji wanazijua.

Uchafu ni neno la haki zaidi. Mifupa, maganda ya ndizi, mifuko ya plastiki inayoishia ziwani: hayo wenye sufuria wanayafanya, na wanapashwa kuona haya. Lakini dawa yake ni rahisi. Familia iache pesa kidogo mlangoni na kuirudishiwa inapotoka na takataka zake. Mtu mwenye kuhesabu franka kwa ajili ya chumvi hataacha pesa hiyo kwa ganda la ndizi.

Hata sheria inayoitwa ya milele inaweza kubadilika wateja wakisema. Disneyland ya karibu na Paris ilipofunguliwa Aprili 1992, mvinyo haukuuzwa katika parki, maana wakubwa wa Marekani hawakutaka. Wafaransa walinungunika. Mwaka uliofuata mvinyo ulikuwa mezani. Hao walipigania kinywaji cha wakubwa. Hapa watu wanaombea wali wa watoto.

Kuko kundi lingine linalostahili maneno makali, nalo haliko mlangoni. Ni wale wanaoangalia familia iliyokimbia vita ikipita na bidoni na sufuria kuelekea ziwani, na kuuliza: "Wahami wa vita wanaenda kuogelea? Basi msaada ni mwingi." Wanasema pesa ya msaada inayokuja kwenye simu inaliwa kwenye bichi. Watu hao wangeuliza kwanza gharama. Familia iliyotoka kwa miguu, na wali wake, na maji yake, imetumia nini? Wali huo ungeliwa nyumbani vilevile. Ungeliwa ndani ya chumba kimoja ambamo familia mbili zinapokezana kitanda.

Na mtoto aliyebebwa usiku mgongoni risasi zikilia anahitaji siku moja ya kucheka kwenye maji. Mzazi wake anajua hilo bila kuambiwa na shirika lolote. Anaona mtoto anavyoshtuka mlango ukigongwa, na anaona anavyosahau akiwa kwenye bembea. Kumwambia mzazi huyo kwamba mchezo ni wa wenye nyumba zao ni kumfukuza mara ya pili. Marufuku ya sufuria inafanya kazi hiyohiyo bila kutamka neno, maana inaacha ndani wale tu wenye uwezo wa kuagiza. Haihitaji kuandika "wahami wasiingie". Bei ya frite inaandika.

Lakini kosa lingine liko ndani ya familia zenyewe, na si haki kulificha. Kuko akina baba wanaoona haya kubeba sufuria. Bustani nyingine haina kibao chochote, zamu hasemi kitu, lakini baba mwenyewe anamwambia mama aache chakula nyumbani, "tusionekane kama watu wa kijiji". Halafu anaagiza broshete na bia ili meza ya jirani ione. Kesho yake anakopa franka kwa mwenye duka la kona, na juma linalofuata mtoto anarudishwa kutoka masomo sababu ya deni la shule. Mwanaume wa namna hiyo hawezi kumlaumu mwenye bustani. Kule Florida, mtu aliyelipa tiketi ya dola zaidi ya mia kwa siku moja anaketi kwenye ukingo wa njia na kutoa mkate katika mfuko, mbele ya watu wote. Hakuna anayemuuliza kijiji chake.

Kwa familia zinazojipanga, kazi kubwa inafanyika nyumbani mbele ya kutoka. Bugali ya nguvu iliwe asubuhi, watoto waende wameshiba. Mtoto aliyeshiba haitishi frite saa nne. Chakula cha kubeba kiwe kile kinachovumilia joto: viazi vya kuchemsha, chapati, mandazi, mahindi, karanga, sambaza zilizokaangwa mpaka zikakauka, ndizi, avoka ya kukata hukohuko. Sombe yenye samaki ibaki nyumbani, inaharibika upesi. Wali pia ni wa kuangaliwa: ukipikwa alfajiri na kufunikwa ungali moto, uliwe upesi, la sivyo tumbo litalipa. Maji yachemshwe jioni na yalale katika bidoni safi. Kama zamu ni mkali, familia nyingine zinaketi kwanza chini ya mti inje ya mlango, zinakula zote, kiisha ndipo zinalipa na kuingia. Hilo si jambo la aibu hata kidogo, ingawa ni aibu kwa yule anayelisababisha.

Na pesa kidogo ikibaki, sukre moja kubwa na vikombe vitano inatosha. Watoto watagombana juu ya kipimo, lakini hata penye chupa tano wangegombana juu ya rangi.

Jambo la mwisho ni la viongozi wa mji. Kila mwaka kabla ya sikukuu wanatoa matangazo juu ya usalama wa ziwa, juu ya watoto wasioogelea peke yao, juu ya saa ya kufunga. Ni vizuri. Waongeze mistari miwili. Wa kwanza: bustani yoyote yenye kulipisha kiingilio iandike mlangoni, kabla ya mtu kutoa pesa, kama chakula kinaruhusiwa ao hapana, na bei ya maji ya ndani. Familia nyingi zinajua marufuku baada ya kulipa, na pesa hairudi. Wa pili: maji ya kunywa, chakula cha mtoto mchanga na chakula cha mgonjwa visizuiwe popote. Hilo halitafilisi mtu.

Mashirika ya kiraia, ambayo yanajua kutoa tamko juu ya kila jambo, yanaweza kubeba hoja hii pia, na kamati za wahami nazo. Wenye bustani wana chama chao na wanasikilizwa. Wazazi wenye sufuria hawana chama.

Matokeo ya shule yanatangazwa mwanzo wa Julai. Siku hiyo watoto waliopita wataomba kupelekwa kwenye maji, na wazazi walioahidi tangu Septemba watapashwa kutimiza. Saa tano ya asubuhi watakuwa mlangoni, sufuria ndani ya kitenge.